Muulize Fundi: Umelipia kasi kubwa, mbona sauti bado inakatika?

Barua za mwezi huu zimenikuta dukani kwangu hapa Majengo zikiwa nyingi, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: rauta ina taa zote za kijani, bili imelipwa, lakini simu ya video inaganda. Nimechagua tano.

Mdogo wangu fundi, habari za kazi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 14 hapa Nkuhungu. Bunge la bajeti likianza, vyumba vinajaa vyote, na kila jioni ni malalamiko: mgeni anaongea na watoto wake kwa video, picha inaganda, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nilikuwa na kasi ya megabiti 20, nikapanda hadi 50. Bili imepanda, malalamiko yako palepale. Kijana aliyenifungia ananiambia sasa ninunue 100. Ninunue? — Mama mwenye nyumba ya wageni, Dodoma

Salama, dada yangu, na pole kwa hiyo bili. Usinunue 100. Kwanza tuitazame foleni yako.

Nimekulia kijijini upande wa Mpwapwa. Kisima chetu kilikuwa kimoja, cha pampu ya mkono. Kiangazi kikikolea walikuja wenye mikokoteni ya punda, kila mkokoteni madumu kumi ya lita 20. Nyuma ya punda wawili ungemkuta bibi ameshika kidumu cha lita 3, anataka maji ya kumnyweshea mgonjwa dawa. Maji kisimani yalikuwepo, na bibi alihitaji dakika moja tu ya pampu, lakini alisimama pale hadi jua likawa kichwani. Wazee wakaweka mtu wa zamu: kidumu kidogo kipite kwanza. Mwenye punda alichelewa dakika moja kati ya nusu saa, wala hakulalamika. Bibi akawahi nyumbani.

Sauti ya simu ya intaneti ni kidumu kidogo. Simu ya mezani ya ofisini, kwa mfano, hutuma pakiti, yaani vifungu vidogo vya data, 50 kila sekunde, kila moja kama baiti 200, jumla yake kilobiti 80 kwa sekunde. Ndani ya megabiti 50 zako, hiyo ni kama tone. Ila kila pakiti lazima ifike kwa wakati wake. Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU, unapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili maongezi yaende bila watu kukatizana. Pakiti ya sauti iliyochelewa sekunde nzima haina kazi tena, kwa sababu neno lake limeshapita.

Punda kwenye nyumba yako ni nani? Mimi nawashuku wageni wenyewe bila wao kujua. Mtu amefika kutoka safari, simu inaona waifai, inaanza kupandisha picha zote za wiki kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu 14 zinafanya hivyo kwa pamoja saa mbili usiku. Hapo ndipo kosa la kununua kasi linapojificha, dada yangu: vifurushi vingi vina kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia. Ulipotoka 20 kwenda 50, muulize mtoa huduma upande wa kupakia umetoka ngapi kwenda ngapi. Nimewahi kukuta haujabadilika hata kidogo.

Sasa fanya hesabu hii pamoja nami. Tuseme kupakia kwako ni megabiti 4 kwa sekunde, na kisanduku cha intaneti kina nafasi ya kuhifadhi megabaiti 1 ya pakiti zinazosubiri kutoka. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kugawa kwa 4 ni sekunde 2. Picha za simu zikishaijaza foleni hiyo, kila pakiti ya sauti inayofika inasimama nyuma kwa sekunde 2. Hata anayepakua anaumia, kwa kuwa kompyuta yake lazima irudishe taarifa kwamba imepokea, na taarifa hizo zinapita mlango uleule wa kupakia.

Kabla hujagusa chochote, mwombe kijana wako aunganishe laptopu kwa kebo moja kwa moja kwenye rauta, aandike amri ya ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kuelekea 8.8.8.8 (kompyuta ya Google mtandaoni), na kuiacha inaendelea. Nyumba ikiwa kimya utaona labda milisekunde 30 au 60. Kisha aanze kupakia video kubwa kwenda mtandaoni na atazame namba. Kwenye nyumba moja ya wageni niliyoitwa mwaka jana ilitoka 34 ikafika 1,400 ndani ya sekunde kumi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu, akanishika bega: alikuwa ameshabadilisha watoa huduma wawili.

Dawa yake ni kuihamishia foleni ndani ya rauta yako, mahali unapoweza kumweka mtu wa zamu. Kwa sasa inajengeka kwenye kisanduku cha mtoa huduma, na huko huna amri. Pima kasi yako mara tatu: alfajiri, saa nane mchana, na saa tatu usiku. Chukua namba ya chini kabisa katika zile tatu, ya kupakua na ya kupakia. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta, tafuta palipoandikwa herufi QoS, yaani mpangilio wa nani apite kwanza, washa, na pale panapouliza kasi ya jumla andika asilimia 90 ya ile namba ya chini. Ukipata 44 na 4, andika karibu 40 na 3.6. Utaona uchungu kuiachia ile asilimia 10, najua, kwa sababu umeilipia. Ndiyo gharama ya kuishika foleni mkononi mwako.

Hapa naomba umsimamie kijana kwa macho yako. Rauta nyingi huuliza kasi hiyo kwa kilobiti. Megabiti 40 ni 40,000. Nimekuta hoteli ndogo, sitaitaja, mtu ameandika 40 akafunga ukurasa. Jengo zima lilibanwa kwenye kilobiti 40, na mapokezi walishindwa hata kutuma ujumbe wa kawaida siku mbili. Kosa la pili ni kugeuza, ya kupakia ikaandikwa kwenye kupakua. Soma mara mbili kabla ya kuhifadhi.

Ukishaweka kikomo, ndipo unapanga nani apite kwanza. Kompyuta ya mapokezi, ile ya malipo, iweke juu. Maongezi ya sauti na video yaweke juu kama rauta yako inayatambua. Kamera za ulinzi na televisheni, kawaida. Tafadhali usiweke kila kitu juu kwa sababu kila mgeni ni muhimu. Wote wakipewa cha kwanza, foleni inabaki ileile ya zamani. Kwa wageni, afadhali kugawana sawa kuliko kupanga vyeo. Rauta nzuri inaweza kugawa njia kwa kila kifaa, yule mwenye picha 3,000 akatumia fungu lake tu.

Na siku ukibadilisha rauta, uliza kama ina fq_codel au cake. Hayo ni majina ya njia mbili za kupanga foleni zinazojiendesha zenyewe. Chanzo chake ni kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson, walioitoa mwaka 2012 kwa jina la CoDel. Waliacha kuuliza foleni ina urefu gani, wakauliza kila pakiti imekaa humo muda gani. Ikikaa zaidi ya milisekunde 5 kwa muda, rauta inaanza kutupa chache makusudi ili mtumaji apunguze mwendo. Mimi naipenda sana njia hii kwa sababu haihitaji orodha ya nani mkubwa. Anayetuma kidogo kidogo, kama sauti, anapita mbele bila kuombewa. Rauta zenye programu ya OpenWrt wanaiita SQM. Rauta za kampuni ya MikroTik wanayo kuanzia toleo la 7 la programu yao.

Jambo la mwisho kwako: baada ya haya yote, kama laptopu ya kebo iko safi lakini mgeni wa chumba cha 11 bado anaganda, foleni yake iko hewani. Matofali ya saruji yanakula mawimbi. Kifaa cha mbali kinachosikia kwa shida huzungumza polepole, na kinapozungumza wengine wote wa chaneli hiyo wananyamaza kukisubiri. Hapo hakuna mpangilio wa rauta utakaokuokoa. Vuta kebo mpaka katikati ya korido, funga kifaa cha pili cha waifai, na kama ni gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu.

Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kondoa. Intaneti inaingia jengo la utawala, kisha antena mbili zinairusha hadi maabara ya kompyuta ng'ambo ya uwanja wa mpira. Tunapojaza taarifa za watahiniwa, wanafunzi wakiwa maabara wanatazama masomo ya video, fomu inakataa kufunguka. Fundi wa hapa ametuwekea vipaumbele, siku mbili ikawa vizuri, siku ya tatu ikarudia. — Mwalimu, Kondoa

Shikamoo Mwalimu. Ahsante kwa kunieleza kwamba ilikaa vizuri siku mbili, maana hilo ndilo lililonipa jibu.

Siku ya tatu kulikuwa na upepo? Nauliza kwa sababu kati ya Juni na Septemba sisi wa kanda hii tunaujua upepo wetu na vumbi lake. Antena za namna hiyo zinatazamana kwa mwale mwembamba. Mlingoti ukizunguka kidogo tu, mawimbi yanafika dhaifu, antena zenyewe zinapunguza mwendo ili zisikosee, na njia iliyokuwa megabiti 60 inakuwa 12 bila kumwambia mtu. Fundi wako aliweka kikomo akitegemea ile 60. Njia ikishuka chini ya kikomo, foleni inahamia ndani ya antena, ambako vipaumbele vyake havina habari.

Kwa hiyo anzeni na ngazi na spana. Mlingoti ukazwe, ufungwe waya za kuuvuta pande tatu, ndipo antena zielekezwe upya huku mtu mmoja akisoma nguvu ya mawimbi kwenye kompyuta. Namba hiyo huwa na alama ya kutoa mbele. Kwa mwendo mfupi kama wenu, kutoa 55 ni nzuri, kutoa 75 ni ishara kwamba kitu kimeenda kombo. Iandikeni kwa kalamu ndani ya boksi la umeme la mlingoti, pamoja na tarehe. Fundi atakayepanda mwaka kesho atajua pa kuanzia.

Kisha kikomo kiwekwe jengo la utawala, siyo maabara, kwa sababu huko ndiko data za wanafunzi zinakoingilia kabla ya kuvuka uwanja. Maabara yote ipewe, kwa mfano, robo tatu ya kasi ya intaneti, na ile robo ibaki kwa kompyuta ya mtaaluma. Kama rauta inaruhusu kukopesha, maabara itumie yote utawala wakiwa kimya, na irudishe papo hapo mtu akifungua fomu. Mwalimu, fomu za watahiniwa zina tarehe ya mwisho, na mtoto asiyesajiliwa hana wa kumlaumu. Hilo linastahili robo nzima hata kama haitumiki siku nyingi.

Shikamoo dada fundi. Tuko wanne chumba kimoja hapa UDOM, tunachangia kirauta cha laini ya simu. Mmoja anacheza gemu usiku kucha. Nina usaili wa kazi kwa Zoom wiki ijayo. Nikiiweka laptopu yangu kipaumbele cha juu itatosha? — Mwanachuo, Dodoma

Marahaba, mdogo wangu. Virauta vya mfukoni vingi havina mpangilio huo kabisa, na hata kikiwa nao, kasi ya mnara inapanda na kushuka kila dakika, kwa hiyo hakuna kikomo kimoja kitakachofaa asubuhi na jioni.

Rafiki yako wa gemu usimgombeze. Gemu lenyewe linatuma pakiti ndogo, karibu sawa na sauti yako. Linalokuumiza ni masasisho ya gemu, ambayo huwa ni gigabaiti nyingi na hujipakua yenyewe. Mwombe ayazime siku hiyo. Simu za wote wanne zizime kupandisha picha. Kirauta kiweke dirishani, ukiunganishe na laptopu yako kwa waya wa USB kama kinakubali, na siku moja kabla, saa ileile ya usaili, piga Zoom ya majaribio na mtu wa nyumbani. Ukiona bado inasuasua, fanya usaili picha ikiwa imezimwa baada ya kuwasalimu na kuwaomba radhi. Sauti safi itakubeba. Nakuombea heri.

Rafiki alinishauri nizime kitu kinaitwa WMM kwenye rauta ya ofisi ili kasi iongezeke. Tangu siku hiyo hakuna laptopu inayovuka megabiti 25, na tunalipia 80. — Karani, Mpwapwa

Iwashe leo. WMM ndiyo inayotenganisha hewani sauti, video, mambo ya kawaida na mambo yasiyo na haraka. Tangu waifai ya 802.11n, kasi kubwa zinaruhusiwa tu WMM ikiwa imewashwa. Ukiizima, vifaa vinarudi kwenye mwendo wa zamani wa megabiti 54 wa kwenye makaratasi, ambao kwa matumizi ya kweli ni hizo 20 na ushee unazoziona. Rafiki yako alikutakia mema, ila huo ni ushauri wa rauta za zamani sana.

Fundi mwenzangu, nina kazi Singida, ofisi ya wakamuaji wa alizeti. Rauta ni MikroTik, simu za mezani nane zinatumia waifai. Nimeandika simple queue (kanuni ya foleni), simu nimezipa priority 1 (kipaumbele cha kwanza), lakini kaunta za foleni hazisogei na sauti inakatika vilevile. Nimekosea wapi? — Fundi, Singida

Kaunta zisizosogea zimekusaidia sana, kwa sababu zinakuambia pakiti hazipiti hapo kabisa. Fungua firewall (kanuni za ulinzi wa rauta), upande wa filter, mnyororo wa forward, unaoshughulikia pakiti zinazopita. Nadhani utakuta kanuni ya fasttrack, ile inayokuja na mipangilio ya kiwandani. Kazi yake ni kuzipitisha haraka pakiti za mawasiliano yaliyokwishaanza, na katika haraka hiyo zinaruka simple queue zote. Izime, kisha futa mawasiliano yaliyomo kwenye jedwali la connections au washa rauta upya, maana yale yaliyokwisha kupewa njia ya mkato yanaendelea nayo. Tazama na mzigo wa prosesa: kama ni rauta ndogo na intaneti ni ya kasi kubwa, prosesa inaweza kuwa ndiyo foleni mpya.

La pili ni hiyo priority 1. Kwenye MikroTik 1 ndiyo ya juu na 8 ya chini, hapo uko sawa. Lakini haifanyi kazi ikiwa peke yake. Lazima kuwe na foleni mzazi yenye max-limit (kikomo) ya njia nzima, ile asilimia 90 niliyomweleza dada wa nyumba ya wageni, na chini yake watoto wawili: simu na wengine. Mzazi asipokuwa na kikomo, hakuna kinachogombewa, na priority haina cha kuamua. Simu nane zinahitaji kilobiti 640 kila upande wote wakiongea kwa pamoja. Wape limit-at, yaani kasi ya uhakika, ya megabiti 1 ulale.

La tatu limenisumbua mimi mwenyewe usiku mwingi, ndiyo maana nalieleza kwa urefu. Kabla ya kurusha pakiti, kifaa cha waifai kinasubiri kidogo halafu kinachagua namba ya bahati ya kuhesabu. Foleni ya sauti huchagua kati ya 0 na 3, ya mambo ya kawaida kati ya 0 na 15. Kwa hiyo sauti karibu kila mara inamaliza kuhesabu mapema na kushika hewa. Uzuri wote wa WMM uko hapo. Sasa simu zako za mezani zinaweka alama ya DSCP 46, namba inayosema pakiti ni ya aina gani, kwenye kila pakiti ya sauti. Iandike 46 kwa mbili-mbili, yaani kwa 0 na 1 tu: 101110. Vifaa vingi vinasoma tarakimu tatu za mwanzo tu, 101, ambayo ni 5. Na 5 kwenye waifai ni foleni ya video. Sauti huanzia 6.

Maana yake simu zako, hata zikiwa na alama sahihi, zinaweza kuwa zinasimama mstari mmoja na video za meneja. Mwaka 2018 ulitoka mwongozo wa IETF, jopo linaloandika kanuni za intaneti, RFC 8325, unaosema 46 ipelekwe moja kwa moja kwenye 6. Kwenye rauta yako, nenda mangle, sehemu ya firewall ya kuweka alama kwenye pakiti, andika kanuni inayoshika DSCP 46, na kitendo chake kiwe set-priority, namba 6. Hiyo inatengeneza upande wa kutoka kwenye rauta kwenda kwenye simu tu. Upande wa simu kuja kwenye rauta unaamuliwa na simu yenyewe, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kila simu uone kama inaruhusu kuwasha WMM.

Ili kupima, mwombe mtu mmoja apakie faili kubwa kwa waifai, wewe piga simu ya mezani kwenda nje na uhesabu kwa sauti moja hadi ishirini, mwenzako wa upande wa pili aandike namba alizozikosa. Fanya kabla ya kubadilisha set-priority, fanya na baada yake, kisha nitumie karatasi zote mbili.